Kuona sayari na kuzipiga picha ukiwa Mtwara, kwa darubini ya kuanzia na simu yako tu

Ukinunua darubini ndogo, tuseme ile ya lenzi ya milimita 70 yenye tyubu nyembamba na stendi ya miguu mitatu, halafu ukaingia mtandaoni kutafuta maelekezo, kila mahali utaambiwa subiri sayari ifike juu kabisa ndo uiangalie. Kwa mtu wa Uingereza huo ushauri sawa, maana huko sayari mara nyingi zinapita chini chini. Sisi huku tuko nyuzi 10 tu kusini mwa ikweta, sayari ikifika juu kabisa mara nyingi inakuwa karibu na utosi, na hapo ndo balaa linaanza, mkia wa tyubu unagonga mguu wa stendi, kidarubini cha kulengea kinakuwa mahali ambapo lazima ulale chali, na shingo ndo usiseme. Nimeteseka hivyo wiki mbili nzima nikajua nimeuziwa kimeo.

Kumbe dawa ni kuiwahi. Iangalie sayari ikiwa nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi, au imepanda kidogo zaidi, nyuzi 45 mpaka 60 hivi. Kwenye nyuzi 45 hewa unayopenya ni kama mara 1.4 tu ya ile ya utosini, hasara ndogo sana ukilinganisha na kukaa kwenye kigoda umetulia. Na mtu aliyetulia anaona vitu ambavyo aliyepinda mgongo havioni, hili nalisema kwa kiapo.

Kama bado hujanunua, kwepa ile stendi ya mhimili wa ikweta yenye vyuma vya uzani. Hiyo unatakiwa kuiinamisha kulingana na latitudo yako, na kwa latitudo 10 inabidi ilale karibu chali, nyingi za bei rahisi hazishuki mpaka huko. Halafu ile nyota ya kaskazini wanayoilengea wenzetu huku haionekani. Chukua stendi ya kawaida ya kupanda na kushuka, kushoto na kulia, basi.

Na usidanganywe na maandishi ya kwenye boksi eti inakuza mara 500. Hesabu ni nyepesi, chukua urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka lenzi ya mbele mpaka pale mwanga unapokutana) ugawe kwa namba iliyoandikwa kwenye lenzi ya jicho, ile ndogo unayochungulia. Darubini ya 700 na lenzi ya 10 unapata mara 70. Mwisho wa maana ni kama mara mbili ya kipenyo kwa milimita, yaani ya 70 ukivuka 140 unakuza ukungu tu. Pete ya Zohali, ndiyo hiyo Saturn, inaanza kuonekana hata kwenye mara 30, na kwenye 70 unaona kabisa kwamba hii siyo nyota.

Sasa mahali. Wengi tunakimbilia ufukweni Shangani kwa sababu ya giza na upepo mzuri, ila huo upepo mzuri ndo adui, kusi ikianza kuvuma kuanzia mwezi wa tano au wa sita huko stendi inatetemeka kama ina homa. Mimi sasa hivi nakaa uani, nyuma ya ukuta, na umeme ukikatika ndo raha zaidi ingawa sayari zenyewe hata kwenye taa za mtaa unaziona. Cha kuangalia ni bati. Usilenge juu ya paa la jirani saa moja usiku, lile bati limeota jua mchana kutwa na linatoa joto, sayari itacheza kama iko chini ya maji. Subiri kwenye saa tatu hivi. Na darubini yenyewe itoe nje nusu saa kabla, kama ilikuwa chumbani kwenye joto inahitaji kupoa kwanza. Miguu usiirefushe yote, ning'iniza kidumu cha lita 5 cha maji katikati ya stendi kiguse chini kidogo kisibembee, na kama uko kwenye mchanga weka kila mguu ndani ya kifuu cha nazi, hauzami.

Umande wa huku unajua mwenyewe. Tengeneza koo la kadi ya manila mbele ya lenzi, sentimita 15 hivi kwenda mbele, itakuokoa. Ukikuta lenzi imeshalowa usiifute na kanga, chumvi ya bahari inakwaruza, ingiza ndani weka mbele ya feni ikauke taratibu ndo ufunike.

Kulenga: mchana, mbali kabisa na jua, elekeza kwenye mnara wa simu wa mbali ukitumia lenzi ya jicho yenye namba kubwa (20 au 25), ukishauweka katikati zungusha skrubu za kidarubini cha kulengea mpaka nacho kilenge mnara huo huo. Usiku itakuwa kazi ya sekunde kumi. Hapa niseme moja bila utani, JUA USILIANGALIE na darubini hata kwa nusu sekunde, jicho linaungua na halirudi, na watoto wakiwepo uani mchana darubini ikae ndani. Vile vichujio vya jua vya kubandika kwenye lenzi ya jicho tupa, vinapasuka kwa joto.

Anza na Mwezi, halafu Zuhura. Kuna babu mmoja jirani yangu, baharia wa zamani wa Mikindani, Zuhura kaijua tangu utoto kama nyota ya alfajiri. Nikamwita, "Shikamoo babu, njoo uione nyota yako." Akachungulia, akanyamaza, akasema, "Mjukuu wangu, huu mwezi, usinichezee." Akatoa jicho akatafuta angani mwezi uko wapi. Haukuwepo. Zuhura nayo ina hilali kama mwezi, inategemea iko upande gani wa Jua, ila macho matupu hayaoni.

Picha sasa. Nunua kishikio cha simu cha kufunga kwenye lenzi, kushika kwa mkono utapoteza usiku wako. Picha yangu ya kwanza ya Mshtarii, ndiyo hiyo Jupita, ilitoka kama taa ya bodaboda, jeupe tupu. Simu inaona giza kubwa inaongeza mwanga, sayari inaungua. Gusa sayari kwenye skrini, shikilia mpaka fokasi na mwanga vijifunge, halafu vuta mwanga chini mpaka uione mistari miwili ya rangi ya chai ya maziwa. Zile nukta nne ndogo pembeni yake ni miezi yake aliyoiona Galileo mwaka 1610, kwa mwanga huo itapotea, ukiitaka piga picha nyingine yenye mwanga zaidi.

Usipige picha moja, piga vidio. Kwenye mara 70 sayari inakatiza uwanja wa lenzi kwa dakika 3 hivi, iweke pembeni iache ipite yenyewe bila kugusa kitu. Dakika moja na nusu inatosha, usizidishe mbili maana Mshtarii inajizungusha mara moja kwa masaa 10 tu, mistari inasogea. Hiyo vidio ipeleke kwenye laptopu, kuna programu tatu: PIPP inaweka sayari katikati, AutoStakkert inachagua fremu nzuri (zile picha moja moja za vidio) na kuzipanga moja juu ya nyingine, RegiStax inanoa. Zote bure. Mwanzo chagua asilimia 20 ya fremu, na kwenye kunoa vuta kidogo, ukiona duara jeupe linazunguka sayari umezidisha, rudi nyuma.

Kwa 2026 lenga Zohali. Tarehe 4 Oktoba inakuwa upande wa pili kabisa na Jua, inachomoza jua likizama, na mvua kwetu kwa kawaida bado hazijaanza. Saa tatu mpaka saa nne na nusu usiku inakuwa kwenye nyuzi zile zile nilizosema, kigoda kiwe tayari. Pete ni nyembamba bado, ilikuwa imelala ubavu mwaka 2025, hivyo usishangae ukiona kama sindano imechoma punje ya mahindi.