Kubadilisha kapasita iliyovimba kwenye ubao mama

Kompyuta ya mezani inapojizima na kujiwasha ovyo, kabla hujailaumu programu, chomoa waya wa umeme, fungua kasha na utazame vichwa vya kapasita (vikopo vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme) zilizo karibu na prosesa kwenye ubao mama, yaani ubao mkuu wa saketi: kichwa kizima huwa bapa, ilhali kilichoharibika huvimba au huvuja uowevu wa kahawia unaokauka kama gundi. Kapasita mpya iwe na mikrofaradi (kipimo cha uwezo wake wa kuhifadhi chaji) zilezile. Volti zinaweza kuzidi kidogo, yaani ya volti 10 mahali pa ile ya 6.3, lakini kamwe zisipungue. Chagua iliyoandikwa nyuzi joto 105 na yenye ukinzani mdogo wa ndani, kwa kuwa ile ya kawaida ya redio haitadumu hapo.

Kazi ngumu ni kuitoa ya zamani. Mguu wa hasi umeungwa na tabaka pana la shaba lililomo ndani ya ubao, nalo hunyonya joto, hivyo pasi dhaifu ya kulehemu hushindwa kuyeyusha risasi (madini ya kulehemia), na fundi asiye na subira huvuta kwa nguvu hadi akang'oa njia za umeme. Ongeza kwanza risasi mpya juu ya ile kuukuu, kisha pasha mguu mmoja mmoja huku ukiiyumbisha kapasita taratibu. Tundu la mguu ubaoni likiziba, pasha tena na upenyeze kijiti cha meno, maana risasi haishiki kwenye mti. Mstari ulio ubavuni mwa kapasita huonyesha hasi. Piga picha kabla ya kuitoa, kwani alama za ubaoni hutofautiana baina ya watengenezaji.