Kiputo ndani ya plastiki: kipigie hesabu kabla ya kutupa

Ukikata kipande cha plastiki kilichotoka kwenye kalibu ukakuta kiputo, usikimbilie kutupa vyote vilivyotoka pamoja nacho. Chora kiputo hicho kwenye modeli yako ya elementi finiti (mfano wa kompyuta unaogawa kipande katika visehemu vidogo na kukokotoa mkazo, yaani nguvu kwa kila eneo), pale pale ulipokikuta na kwa ukubwa ule ule uliopima, kisha weka mzigo wa kawaida. Kiputo cha duara kama mpira huzidisha mkazo pembeni yake takriban mara 2. Kwa hiyo kikiwa katikati ya ukuta unaopinda, ambako mkazo unakaribia sifuri, mara nyingi hakina neno. Kikiwa karibu na uso, hapo kuna kazi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mstari wa muungano, pale mikondo miwili ya plastiki iliyoyeyuka inapokutana. Umbo la kipande halibadiliki, kwa hiyo programu haitauona usipoiambia. Mimi huchora ukanda mwembamba hapo na kuupa uimara mdogo. Kwa nailoni yenye nyuzi za kioo, nyuzi hulala sambamba na mstari badala ya kuuvuka, basi anza na uimara wa nailoni tupu, au chini yake. Ile namba ya uimara iliyo kwenye karatasi ya data ya plastiki kwa kawaida hupimwa kwenye kipande kisicho na mstari.

Wavu nao, yaani vile visehemu vya modeli, uufanye wa matundu madogo kuzunguka kasoro mpaka mkazo utulie. Ukiona mkazo unapanda tu kila unapoyafanya matundu madogo zaidi, umechora kona kali mno. Iviringe kidogo, urudie.