Somo: Kufuga paka kwenye fleti au chumba cha kupanga bila harufu wala ugomvi na majirani

Wapenzi wa wanyama, salaam kwenu. Somo la leo ni la sisi tunaoishi ghorofani, au kwenye chumba na sebule kwenye nyumba ya wapangaji wengi, na bado tunataka kufuga paka. Nafanya kazi kwenye kliniki ya mifugo hapa Dar es Salaam. Kila mara analetwa paka ambaye mwenyewe amemchoka: nyumba inanuka, makochi yamekojolewa, usiku halaliki, jirani amekwenda kushtaki kwa mwenye nyumba. Tukimpima tunakuta mzima kabisa. Tukimhoji mwenyewe, mambo yanajitokeza: choo cha paka kipo pembeni ya jiko, dume halijahasiwa, mchana kutwa mnyama anafungiwa chumbani hana hata pa kupanda. Paka anaweza kuishi vizuri kwenye chumba kimoja, mradi chumba kipangwe na yeye akiwemo kwenye mpango.

Hatua ya 1: Choo

Hapa nitakaa sana, kwa sababu malalamiko mengi ninayosikia yanaanzia hapa.

Chukua beseni la kufulia la plastiki, lile pana. Paka aweze kuingia mzima, ajigeuze, achimbe. Kipimo kizuri ni urefu wa paka mara moja na nusu, bila kuhesabu mkia. Upande mmoja ukate mdomo wa kuingilia kwa kisu kilichopashwa moto, kisha sugua kingo kwa msasa zisimkate tumbo. Kuta nyingine ziache ndefu ili asirushe mchanga nje.

Mchanga maalumu wa paka unaouzwa madukani ni mzuri, hasa ule unaogandamana ukipata mkojo, maana unaokota donge na kuacha uliobaki. Lakini bei yake si ya kila mtu. Mchanga wa ujenzi uliochekechwa, ukaoshwa na kuanikwa juani hadi ukauke kabisa, unafaa. Maranda ya kwa seremala yanafaa pia, mradi mbao ziwe hazijapakwa dawa. Jaza kina cha sentimita tano hadi saba. Chini kabisa unaweza kutandaza vipande vya mkaa, vinapunguza harufu. Majivu usitumie: yakilowa yanachoma nyayo, na akijilamba yanaingia mdomoni.

Beseni liwekwe mbali na chakula na maji, mahali penye utulivu lakini asipobanwa. Bafuni ni pazuri kama mlango unabaki wazi. Okota kinyesi asubuhi na jioni. Maranda au mchanga wa kawaida haugandamani, kwa hiyo mwaga wote kila baada ya siku mbili au tatu, osha beseni kwa sabuni ya kawaida na maji, kausha, jaza upya. Ukiwa na paka wawili weka mabeseni matatu. Chumba kikiwa kidogo mno kwa matatu, basi na paka wawili ni wengi kwa chumba hicho. Kinyesi funga kwenye mfuko utupe na taka. Usimwage mchanga kwenye choo cha kuvuta, utaziba bomba la ghorofa nzima na hapo hamtaelewana na mtu.

Tafadhali zingatieni usafishaji wa mahali alipokojoa. Watu wengi hukimbilia Jik. Mkojo una amonia, na dawa ya klorini ikikutana nayo hutoa hewa yenye sumu inayochoma kifua chako na cha mnyama. Dawa za fenoli, zile zinazogeuka nyeupe ukizitia maji, ni hatari zaidi kwa paka, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuzivunja kama letu. Anazikanyaga sakafuni, anajilamba, anaugua. Kausha mkojo kwa kitambaa, osha kwa maji ya sabuni, suuza, kisha pitisha siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji. Godoro au zulia litoe juani. Harufu ikibaki hata kidogo, yeye ataisikia na kurudi palepale.

Hatua ya 2: Kuhasi

Dume likifika miezi mitano au sita linaanza kunyunyiza mkojo ukutani na kwenye mapazia kuweka alama. Harufu yake ni kali kuliko mkojo wa kawaida, na hakuna usafi utakaoishinda wakati mnyunyizaji yumo ndani. Hasi mapema, kabla haijawa tabia.

Jike nalo likiingia kwenye joto linalia usiku kucha kwa sauti inayofanana na ya mtoto mchanga. Asipopandwa, joto hurudi kila baada ya wiki mbili au tatu. Katika nchi zenye baridi paka hupumzika miezi ya siku fupi. Sisi tuko karibu na Ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana, hivyo jike anaweza kuingia kwenye joto wakati wowote wa mwaka. Mimba yake ni takriban wiki tisa tu. Hesabu mwenyewe ndani ya mwaka mmoja, kwenye chumba kimoja.

Upasuaji ufanywe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, na mnyama apewe dawa ya usingizi. Ukimkuta mtu anayehasi kwa wembe bila ganzi, ondoka na paka wako. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na ukatili wa namna hiyo haukubaliki.

Hatua ya 3: Dirisha na roshani

Kuna imani kwamba paka akianguka hafi. Mwaka 1987 madaktari wa mifugo wa New York walichapisha taarifa ya paka 132 walioletwa hospitalini baada ya kuanguka kutoka ghorofani, na takriban asilimia 90 ya waliotibiwa walipona. Takwimu hiyo imewafariji watu vibaya. Paka waliokufa papo hapo hawakupelekwa hospitali, na waliopona wengi wao walikuwa na taya zilizovunjika, mapafu yaliyoumia, miguu iliyohitaji vyuma.

Wavu wa mbu wa plastiki kwenye dirisha la aluminiamu haumzuii. Anaupanda kwa kucha, unachanika, au fremu nzima inachomoka. Kama dirisha lina grili, nunua wavu wa chuma wa matundu ya inchi moja au chini ya hapo, ule unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, uufunge kwenye grili kwa waya mwembamba wa mafundi nondo. Funga kila baada ya upana wa kiganja, ncha za waya uzikunje kuelekea nje. Hutoboi ukuta wa mwenye nyumba hata tundu moja, na siku ya kuhama unaukata na kuondoka nao. Ukishamaliza usukume kwa nguvu kwa mikono miwili. Wavu ukicheza, rudia.

Hatua ya 4: Pa kupanda, pa kukwaruza, na usiku

Chumba kidogo kinaongezeka ukitumia kuta zake. Ondoa vitu juu ya kabati umwekee kitambaa, na kiti au stuli ya kumsaidia kufika. Karibu na kochi analolichana simamisha gogo au ubao uliozungushiwa kamba ya katani, mrefu kiasi cha yeye kujinyoosha wima. Liwe palepale kwenye kochi, usilipeleke kona ya mbali.

Paka huchangamka alfajiri na magharibi. Ukirudi kazini amelala siku nzima, atataka kuishi saa ambazo wewe unalala. Kabla ya kulala mchezeshe kwa kamba mpaka achoke, ndipo umpe mlo wake mkubwa wa siku. Akishiba atajilamba na kulala. Akilia saa kumi usiku usiinuke kumpa chakula, ukiinuka mara moja umemfundisha.

Hatua ya 5: Chakula na chanjo

Ugali mtupu wenye harufu ya dagaa haumtoshi, paka ni mla nyama. Mpe nyama, maini kidogo, samaki aliyepikwa, bila chumvi na bila kitunguu, maana kitunguu kinaharibu damu yake. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa, na kuhara kwenye chumba kimoja mnakujua. Chanjo ya kichaa cha mbwa aipate akiwa na miezi mitatu, irudiwe kila mwaka, hata kama hatoki nje. Ulizia kwa afisa mifugo wa kata yako kuhusu kampeni za chanjo, hasa kuelekea Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Sinza): Shikamoo dokta. Nina mimba ya miezi mitatu. Mama mkwe anasema paka aondoke leo leo, ataniharibia mtoto. Nimempenda sana huyu paka.

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera. Mama mkwe ana hoja, msikilize kwa heshima. Upo ugonjwa wa toksoplazima, unaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vijidudu vyake hutoka kwenye kinyesi cha paka, lakini vinahitaji siku moja hadi tano nje ya mwili ndipo viweze kuambukiza. Kwa hiyo choo kisafishwe kila siku, na asafishe baba. Kama huna mtu, vaa glovu na unawe kwa sabuni. Paka asile nyama mbichi wala asiwinde panya. Na wewe pika nyama iive, osha mboga za majani vizuri, kwa sababu wengi huupata huko jikoni bila kuwa na paka. Mweleze pia mkunga wako kliniki. Ukifanya hayo paka anaweza kubaki.

Swali (Kariakoo): Dume langu limehasiwa, tangu juzi linaingia kwenye beseni kila dakika, linachuchumaa, linalia, hakitoki kitu. Nadhani ni choo kigumu. Nimpe mafuta ya kula?

Jibu: Kaka, acha kusoma, mpeleke kwa daktari sasa hivi. Hicho si choo kigumu, ni dalili ya njia ya mkojo kuziba, madume hupatwa sana. Akikosa kukojoa anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Wala usimpe Panadol kupunguza maumivu. Paracetamol inaua paka, hata nusu kidonge.

Swali (Mbagala): Viroboto wamejaa mpaka kwenye zulia, watoto wanajikuna. Jirani ana dawa ya mbwa wake ya kudondoshea mgongoni, naweza kugawa nusu?

Jibu: Hapana dada. Dawa nyingi za mbwa zina permethrini, na kwa paka hiyo huleta mtetemeko, degedege na kifo. Nunua iliyoandikwa ni ya paka, na ipimwe kwa uzito wake. Kisha pambana na zulia: viroboto unaowaona ni wachache, mayai na mabuu yamo kwenye vitambaa. Anika zulia juani siku nzima, fua matandiko kwa maji ya moto, fagia mpaka chini ya kitanda, na urudie kila wiki kwa miezi miwili hivi, maana mabuu yaliyojifunga kwenye kifuko hutoka kidogo kidogo yakiwa viroboto.

Swali (Upanga): Mimi nina mbwa mdogo ghorofa ya tatu. Jirani wa mbele ni Mwislamu, analalamika mbwa anamgusa kwenye ngazi akienda kuswali. Mbwa wangu ni msafi, nimjibu nini?

Jibu: Usimjibu kuhusu usafi wa mbwa, hamtafika mbali. Wengi wa Waislamu wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafi, na mate ya mbwa yakimgusa inambidi aoshe mara saba, moja kwa udongo. Ukimkuta ameshatawadha na amevaa kanzu, umemrudisha nyumbani na swala ya jamaa inampita. Mpitishe mbwa ngazini akiwa na kamba fupi, au umbebe, na uepuke dakika za kuelekea swala. Kamwombe radhi mlangoni kwake, umweleze ulivyopanga. Mbwa akikojoa ngazini osha mwenyewe papo hapo, usimwachie mlinzi.

Swali (Mwenge): Mkataba wangu hausemi chochote kuhusu wanyama, lakini mwenye nyumba kaja kaona paka, kasema nimtoe au nihame.

Jibu: Mwombe muda, kisha umwalike aje aone choo kilivyo, wavu ulivyofungwa, na cheti cha chanjo. Mwandikie kwamba utalipia kitu chochote paka atakachoharibu. Akikataa kabisa, mtafutie paka mtu wa kumlea, na umpelekee pamoja na beseni lake na kitambaa alicholalia ili asihangaike na harufu ngeni. Msimtie kwenye kiroba na kwenda kumwachia sokoni. Paka wa ndani hajui kupigania chakula na paka wa soko, na hajui gari.