Kusoma haraka bila kutoka kapa

Kila UE (mtihani wa mwisho wa semista) ikikaribia pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, lazima mtu arushe kwenye grupu la Wasapu ile video ya kusoma maneno 1,000 kwa dakika, na wenye sapu (mitihani ya kurudia) ndo wa kwanza kuifungua. Niseme mapema tu, spidi hiyo huku unaelewa kila kitu haipo. Biashara yenyewe ya zamani, mwalimu mmoja, Evelyn Wood, alianza kuuza kozi zake za kusoma haraka Marekani mwaka 1959, na watafiti waliokuja kupima wakakuta spidi ikipanda sana uelewa unaporomoka. Jicho haliserereki kwenye mstari, linaruka na kutua, kila likitua linakaa kama robo sekunde, na herufi linazoziona vizuri ni chache tu za pale katikati. Mtu mzima anayesoma Kiingereza kimyakimya yuko kwenye maneno 240 hivi kwa dakika (kwa Kiswahili namba itakuwa chini, maneno yetu marefu, usipaniki).

Sasa anza kwa kujipima. Chukua hendauti ambayo hujaigusa, weka taima dakika tano, soma kawaida, weka alama ulipoishia alafu ifunike uandike ulichoelewa bila kuchungulia. Hesabu maneno, gawa kwa tano. Kama karatasi yako imebaki nyeupe basi hiyo spidi hata iwe 500 haina kazi.

Kinachoongeza spidi kweli ni kuijua mada. Mpe makala ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mizabibu, mtu aliyekulia kwenye mashamba ya zabibu Hombolo, Dodoma, mpe na mtoto wa Kariakoo mwenye GPA kubwa, uone nani anamaliza kwanza na anaweza kukuelezea, maana yule wa Hombolo kupogoa anakujua, dawa anazijua, hakuna neno la kumkwamisha njiani. Kwahiyo kabla ya topiki mpya toa yale maneno magumu yanayojirudia, yaelewe kwanza, hata kwa kutazama maelezo ya Kiswahili, ndo uingie kwenye hendauti. Na kama kinachokukwamisha ni Kiingereza chenyewe, ambacho kwa fasti yia wengi ndo ugonjwa, soma Kiingereza chepesi kila siku, hata habari za mpira, mazoezi ya macho hayatakusaidia kitu.

Ile sauti ya kichwani inayokusomea maneno iache iendelee. Kuna wanaosema tafuna bigijii au hesabu moja mbili tatu ili uizime, achana nao, inakusaidia kuelewa. Kurudi nyuma pia ruksa, ndo maana zile app za kurusha neno moja moja sizipendi, ukipitwa umepitwa.

Kuperuzi nako ni kitu kingine na huko unaweza kujifunza wiki hii hii. Unatafuta waziri alijibu nini kwenye Hansadi, zile kumbukumbu rasmi za Bunge? Hausomi kurasa zote, unafuata namba ya swali na vichwa, ukilipata ndo unapunguza mwendo. Kwa makala ya kozi soma muhtasari, vichwa, majedwali na hitimisho, alafu amua kama inastahili kusomwa yote, nyingi hazistahili.

Baada ya mwezi jipime tena, ila tumia hendauti nyingine ya ugumu uleule, ukirudia ya mwanzo utajidanganya.