Kula Shela: chagua saa kwanza, meza baadaye

Usiku wa kwanza niliokwenda Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, kula kwa pesa zangu mwenyewe, nilifika saa mbili na robo, nikapanda ngazi hadi darini kwenye mkahawa mmoja, nikaagiza samaki wa kupaka. Mpishi alikuwa mkweli: nazi zilikuwa hazijakunwa na makaa hayajawashwa. Nikamwambia nitasubiri. Chakula kilifika saa nne kasorobo, tui likiwa limepikwa mbiombio hata likakatika, na nilipoteremka gatini sikukuta boti yoyote ya abiria wa kawaida, bali nahodha mmoja aliyejua vizuri kwamba sina mtu mwingine wa kupatana naye. Kosa lilikuwa langu, wala si la mkahawa ule. Nilikuwa nimechagua mahali kabla ya kuchagua saa, na Shela mambo huenda kinyume cha hivyo.

Kijiji chenyewe kiko kusini mashariki ya mji wa Lamu, kilomita 3 hivi ukifuata pwani, na kwa muda mrefu kilikuwa kijiji cha wavuvi na mabaharia chenye msikiti wake wa Ijumaa wa mwaka 1829, ambao mnara wake mweupe uliochongoka ndio alama itakayokuongoza ukipotea vichochoroni. Hoteli ya Peponi ilifunguliwa mwaka 1967, na katika miaka iliyofuata magofu mengi ya mawe ya matumbawe yalinunuliwa, yakakarabatiwa na kugeuzwa nyumba za wageni, hata leo Shela ikawa ndiyo mtaa wa watu wa nafasi: maduka ya vikoi vya bei, madari yenye matakia, na sahani ambazo bei yake ingewashangaza watu wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu. Kuna chakula kizuri sana humo, na kuna chakula cha kawaida kinachouzwa kwa bei ya mandhari. Kwa kiasi kikubwa, kitakachokufikia mezani hutegemea umeagiza lini na nani amekupikia.

Anza kwa kuyajua maji. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hukauka mnamo saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo baada ya juma moja, wakati wa maji mafu, hali huwa imegeuka. Jambo hili lina maana kubwa kwa tumbo lako. Njia ya pwani kutoka mjini ni mwendo wa dakika 40 au zaidi kidogo maji yakiwa yametoka, lakini bamvua likijaa mawimbi hupiga ukutani na njia hukatika mahali pengine. Jioni ya mwezi mpevu, basi, ni busara kwenda kwa boti na kurudi kwa miguu, kwa kuwa ufikapo wakati wa kuondoka mezani mchanga umeshatoka majini na mwezi unaangaza njia yote. Hata hivyo, rudini kwa kundi.

Boti za abiria huondoka gati la Lamu zikishapata watu wa kutosha. Ukitaka iondoke nawe peke yako utalipia boti nzima, na baada ya magharibi bei hupanda. Patana na nahodha kabla hujapanda, umtajie na saa ya kurudi, mpeane nambari za simu, na umlipe safari ya kurudi mkishafika.

Baada ya hapo, agiza mchana, na ikiwezekana asubuhi. Pita mkahawani mnamo saa nne au saa tano, usiulize orodha ya vyakula, kwa sababu orodha ile iliandikwa zamani na bahari haijaisoma. Uliza: leo kumeingia nini? Ukitajiwa tewa au changu, hao wanafaa kuchomwa na kupakwa. Kolekole ana nyama ngumu kidogo, apendezwaye kukatwa vipande na kutiwa mchuzini. Nguru ni mtamu wa kukaanga, lakini hukauka upesi mpishi akimsahau motoni. Omba uonyeshwe samaki. Jicho liwe angavu na limejaa, matamvua yawe mekundu, na nyama irudi ukiibonyeza kwa kidole. Hakuna mpishi wa Lamu atakayeudhika kwa ombi hilo. Wengi watakuheshimu zaidi. Kamba mkubwa na kaa, ambao mara nyingi huuzwa kwa kilo, wapimwe mbele yako kabla ya kupikwa, na bei itajwe hapo hapo, si baada ya wewe kulamba vidole.

Samaki wa kupaka anastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiye chakula ambacho wageni wengi hukiagiza na ndiye anayeharibiwa zaidi na haraka. Samaki hupasuliwa, akakolezwa chumvi, ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, akaachwa viungo vimwingie. Wakati huo nazi hukunwa kwa mbuzi na kukamuliwa, tui zito likatengwa na tui jepesi. Samaki huchomwa juu ya makaa mpaka akaribie kuiva. Tui hupikwa kwa bizari na ndimu au ukwaju, likikorogwa bila kuachwa, kwa sababu mkono ukisita kidogo tu hukatika, mafuta yakapanda juu na maziwa yakaganda chini. Likishakuwa zito, hupakwa upande mmoja, samaki akarudishwa motoni, akageuzwa, akapakwa tena, hata rojo likamshika na kuungua pembeni kidogo. Hesabu saa moja na nusu kwa uchache. Mkahawa ukikuletea samaki wa kupaka baada ya dakika 20 tangu uagize, kuna mambo mawili tu: ama alikuwa amepikwa kwa ajili ya mtu mwingine, ama amekaangwa na kumwagiwa mchuzi wa juzi.

Asiyetaka kupanga siku yake kwa ajili ya chakula cha jioni ana Peponi yenyewe, ambayo ina jiko la hoteli lililozoea wageni na kibaraza kinachotazama mlango wa bahari kati ya Lamu na kisiwa cha Manda. Wageni huelezwa waende pale kutazama jua likichwa, nami sijui habari hiyo ilianzia wapi, kwa kuwa jua huchwea nyuma yako, upande wa bara. Kinachofaa kutazamwa ni Manda ikibadilika rangi ng'ambo na mashua zikirudi. Ni mojawapo ya mahali pachache Shela panapouzwa pombe, kwa hiyo jioni za msimu hujaa. Ukitaka meza ya mbele, weka nafasi. Hoteli ya Kijani, ambayo nayo iko kando ya maji, ina bustani na utulivu zaidi, na mimi ndiko ningempeleka mzazi wangu.

Hata hivyo, mlo bora kabisa wa Shela hauko mkahawani. Nyumba nyingi za kukodi hapo huja na mpishi, na wapishi hao, ambao wengine wamepikia majiko ya hoteli miaka mingi na kujifunza hata tambi za kaa za Kiitaliano, hupika vizuri zaidi wanapowapikia watu sita au wanane wanaowajua majina kuliko wanapopikia meza kumi za wapita njia. Kama mko kundi, hesabuni: fedha mtakayogawana kwa nyumba, soko na ujira wa mpishi mara nyingi haizidi mnayotumia kwa kula nje siku tatu mfululizo. Mpe mpishi pesa za soko jioni ya kuamkia, ili afajiri kwenda mjini, kwenye soko lililo karibu na Ngome, kabla samaki wazuri hawajachukuliwa na mahoteli. Sokoni hakuna risiti, kwa hiyo muombe akuandikie kila kitu na bei yake katika karatasi, jambo ambalo wengi hulifanya bila hata kuombwa. Mwache apike anachokijua. Mtu aliyesafiri mpaka Lamu akaagiza kuku na chipsi kwa mpishi anayeweza kupika pweza wa nazi, amejinyima mwenyewe.

Huenda pia kijana akakufuata ufuoni na kukukaribisha kwa chakula cha nyumbani kwao, kwa mama yake au shangazi yake. Wapo wakweli, na nimekula vizuri sana kwa njia hiyo, nimekaa mkekani na sinia la wali wa nazi katikati. Lakini nenda kwanza ukaione nyumba, umsalimie mama mwenyewe kwa heshima, mkubaliane bei ya kila mtu, na ukiombwa kitangulizi, kimfikie yeye mpishi mkononi.

Kwa mfuko mdogo, zunguka nyuma ya msikiti na kwenye vichochoro vya ndani, mbali na maji. Huko kuna vikahawa vya wenyeji vinavyouza maharagwe ya nazi, samaki wa kukaanga, chapati na sharubati ya ukwaju au ya ndimu na tangawizi. Na jioni kina mama hutoa meza zao mlangoni, wakauza viazi karai, sambusa, bajia na mkate wa mofa, ambao ukiupata ungali moto pamoja na mchuzi wa pweza hutatamani kitu cha darini. Bei zake ni za mtaa. Beba pesa ndogondogo, maana mama hana chenji ya noti ya elfu.

Ng'ambo ya maji, upande wa Manda, Diamond Beach Village inajulikana kwa piza za tanuri la kuni, na katika mlango wa bahari kuna baa na mkahawa unaoelea, ambako watu huenda kwa ngoma na vinywaji kuliko kwa chakula. Kote huko nahodha wako akungoje, na aelewe hivyo tangu mwanzo.

Msimu nao ubadilishe matarajio yako. Wakati wa kaskazi, tangu Novemba hivi hadi Machi, bahari ni tulivu na samaki ni wengi, lakini Krismasi na mwaka mpya nyumba na meza za Shela hutekwa mapema. Kusi ikishika, pamoja na mvua za masika, mashua nyingi hubaki ndani, samaki huadimika, na mnamo Mei na Juni baadhi ya hoteli na mikahawa hufunga kwa ukarabati. Piga simu kabla ya kusafiri. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana, hata maji; hoteli huhudumia wageni wao ndani. Baada ya magharibi, kwa upande mwingine, hakuna wakati bora wa kula Lamu: tambi, mihogo na viazi vya nazi, kaimati, vibibi, tende na uji hupangwa mezani mlango hadi mlango.

Siku za kawaida pia, adhana ya magharibi au ya isha ikisikika, muuzaji anaweza kufunika vyungu vyake na kwenda msikitini, mngoje, atarudi. Ukitoka ufuoni, jifunge leso au vaa shati kabla ya kuingia mtaani, na usiende na chupa yako ya bia katika mkahawa wa Waislamu kwa kuwa hukuliona bango la kukataza. Hawaliweki bango kwa sababu hawakudhani kuna atakayefanya hivyo.

Kabla ya kulipa penye orodha ya bei, uliza kama bei zile zimekwisha kuingizwa kodi ya VAT ya asilimia 16 na malipo ya huduma, kwa sababu mahali ambapo havijaingizwa hesabu ya mwisho hupanda kuliko ulivyodhani. M-Pesa hupokelewa karibu kila mahali, mpaka mtandao ugome. Benki ziko mji wa Lamu, kwa hiyo toa pesa taslimu kabla hujapanda boti. Bakshishi mkabidhi aliyekuhudumia, na umkumbuke aliyekaa jikoni, kwa kuwa mara nyingi haimfikii.

Na ukilala Shela, usiinywe chai ya asubuhi hotelini siku zote. Toka baada ya jua kuchomoza, fuata harufu ya iliki, ununue mahamri yakiwa yangali yanatolewa kwenye karai, na mbaazi za nazi katika bakuli utakaloazimwa na mama mwenyewe. Ukichelewa hadi saa tatu, utakuta sufuria zimeshaoshwa na kuanikwa barazani.