Jinsi ya Kujiandaa na Kuomba Mtihani wa CCNA Ukiwa Arusha

Mtihani wa CCNA, wenye namba 200-301, ni wa cheti cha ufundi wa mitandao ya kompyuta kinachotolewa na kampuni ya Cisco, na hauna sharti la cheti cha awali. Kwa hiyo mhitimu wa Chuo cha Ufundi Arusha na fundi kompyuta wa Ngarenaro ambaye hajasomea chuoni huomba kwa utaratibu uleule. Ada yake ni dola 300 za Marekani kabla ya kodi, na anayefeli hulipa upya, ndiyo maana ni vyema maandalizi yatangulie na malipo yafuate.

Kwanza, pakua orodha rasmi ya mada kwenye tovuti ya Cisco, kisha ujiandikishe bure Cisco Networking Academy, mpango wa mafunzo wa kampuni hiyo, ili upate programu ya Packet Tracer, ambayo hukuwezesha kuunganisha ruta na swichi (vifaa vya kuunganisha mitandao na kompyuta) za kuigiza bila kununua kifaa chochote. Mada ya muunganisho wa IP, yaani jinsi data inavyosafirishwa kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, pekee hubeba asilimia 25 ya mtihani, na msingi wake ni hesabu za kugawa mtandao katika mitandao midogo. Ukipewa anwani ya mtandao 192.168.10.0/26, ambayo namba baada ya mkwaju huonyesha ukubwa wa mtandao, unapaswa kujua bila kikokotoo kwamba mtandao huo una anwani 64, ambazo 62 kati yake ndizo hupewa vifaa, kwa kuwa ya kwanza hutambulisha mtandao wenyewe na ya mwisho hutumika kutuma ujumbe kwa vifaa vyote kwa pamoja. Fanya hesabu hizo kila siku hadi zisikupotezee muda, maana mtihani ni wa dakika 120 na swali ukishalipita huwezi kulirudia. Ile desturi ya shuleni ya kuruka maswali magumu haina nafasi hapa.

Ukiwa tayari, fungua akaunti ya Cisco, na hapa pana umakini wa pekee: jina uliandike kama lilivyo kwenye kitambulisho utakachoonyesha siku ya mtihani, kiwe cha NIDA au pasipoti. Jina la ubatizo ambalo halimo kwenye kitambulisho liache, hata kama mtaa mzima unakuita hivyo.

Baada ya hapo ingia kwenye tovuti ya Pearson VUE, kampuni inayosimamia mitihani ya Cisco, uchague tarehe na mahali. Mtihani unaweza kufanyiwa nyumbani, mradi uwe peke yako chumbani, meza iwe tupu, kamera iwake na intaneti isikatike. Kwa jinsi umeme unavyoweza kukatika bila taarifa, ningeshauri kituo cha mtihani, hata kikikulazimu kupanda basi alfajiri.

Malipo hufanywa kwa kadi inayokubali manunuzi ya mtandaoni; iulize benki yako mapema kama huduma hiyo imewashwa. Ukihitaji kubadili tarehe, fanya hivyo zaidi ya saa 24 kabla ya mtihani. Anayefeli husubiri siku 5 kabla ya kurudia, na anayefaulu hupata cheti kinachodumu miaka 3.