Jinsi ya kuandaa simulizi ya Shajar al-Durr bila kuanzia kwenye mitalawanda

Anayemjua Shajar al-Durr anamjua kwa kifo chake: malkia wa Misri aliyepigwa mitalawanda hadi roho ikamtoka. Mimi hutengeneza vipindi vya historia vya kusikiliza, na kipindi changu cha kwanza juu yake nilikifungua hapohapo, kwa mlio wa mitalawanda ya bibi yangu nikiigonga kwenye sakafu ya ua. Mlio ulitoka mzuri kweli. Baada ya siku mbili maalimu mmoja, mtu mzima, akanipigia simu. "Mwanangu, umenieleza alivyokufa. Sasa alitawala vipi?" Nikakosa la kusema. Nikakifuta kipindi, nikaanza upya. Hizi ndizo hatua nilizofuata mara ya pili, na mpaka leo nazitumia kwa wanawake wengine wa zama zile.

Hatua ya 1: Funga muda

Maisha yake yote hayaingii katika dakika 20. Chukua miezi 14 tu: kuanzia Juni 1249, Louis IX mfalme wa Ufaransa anapoteremsha jeshi lake la msalaba Damietta, mji wa bandari wa Misri, mpaka Julai 1250, Shajar al-Durr anapoachia kiti. Ya nyuma yape sentensi mbili. Alikuwa mjakazi aliyenunuliwa na as-Salih Ayyub kabla huyo hajawa sultani wa Misri, akawa naye hata alipofungwa katika ngome ya Karak mwaka 1239. Alimzalia mtoto wa kiume, Khalil, aliyefariki angali mdogo. Jina la Khalil liandike pembeni, tutalihitaji.

Hatua ya 2: Panga tarehe kwa mkono

Wanahistoria wa Kiarabu wanahesabu kwa Hijria, na hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Usichukue mwaka 648 ukajumlisha 622. Utapata 1270, umeshavuka miaka 20. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo tofauti inapungua kadiri karne zinavyokwenda. Mwaka 648 ulianza Aprili 1250 ukaisha Machi 1251. Tumia jedwali la kubadilishia tarehe, kisha lijaribu kwa hili: as-Salih alifariki nusu ya Shaabani 647. Jibu lisipoangukia Novemba 1249, tafuta jedwali jingine.

Daftari langu lina safu tatu: Hijria, Miladia, na aliyesema. Hiyo ya tatu ndiyo inayookoa. Ibn Wasil alikuwa hai na yupo Misri mambo yakitokea. Al-Maqrizi alizaliwa 1364, zaidi ya miaka 100 baadaye, na ndiye anayependwa na wasimulizi kwa sababu ana vionjo vingi. Jean de Joinville, Mfaransa, alitekwa pamoja na mfalme wake Louis, lakini aliandika uzeeni. Ukisema tu "wanahistoria wanasema", umewavalisha wote kanzu moja.

Hatua ya 3: Safisha maneno kabla ya kusoma

Msikilizaji wetu akisikia "mamluki" anamwona askari wa kukodiwa, anayepigania posho. Mamluki wa as-Salih hawakukodiwa, walinunuliwa wakiwa vijana, wakafunzwa vita, na bwana wao akawa ndiye ukoo wao. Walioitwa Bahari walikuwa na kambi kisiwa cha Rawda, katikati ya Nile, mto ambao Wamisri huuita bahr. Lieleze hilo mapema, kwa sekunde chache.

Kisha jipe raha kidogo na neno lenyewe. Mamluki, kumiliki, milki, malika: yote yanatoka shina moja la Kiarabu. Shajar al-Durr alikuwa upande wa kumilikiwa kabla hajawa malika. Kiswahili kimetuwekea jambo hili mdomoni bure, tusilipite.

Hatua ya 4: Siri ya maiti isimulie polepole

Hapa tumia robo nzima ya kipindi. Damietta imeshaanguka, Wafaransa wanapanda kuelekea Mansura, na sultani anakufa kambini humohumo Mansura kwa maradhi. Mrithi wake, mwanawe Turanshah aliyezaliwa na mke mwingine, yuko Hisn Kayfa, mbali huko Mesopotamia ya juu. Jeshi likijua, litatawanyika.

Ukiandika "alificha kifo cha mumewe" umemaliza kwa maneno manne jambo lililochukua wiki kadhaa. Kwa hiyo mimi nilijiuliza: ili kifo kifichike, nini lazima kiendelee kama kawaida? Nikapata orodha. Chakula cha sultani kiingie hemani kila siku. Amri zitoke zikiwa na saini yake, na habari zinatofautiana kama aliacha karatasi alizokwisha kutia saini au kuna mtumishi aliyeiga mwandiko wake. Maamiri waambiwe kwamba bwana ni mgonjwa, haonani na mtu. Maiti iondolewe usiku kwa mashua hadi Rawda. Na aliyepelekwa kumwita Turanshah afike.

Waliojua mwanzoni walikuwa wachache mno: yeye, jemadari Fakhr al-Din, na towashi mkuu Jamal al-Din Muhsin. Fakhr al-Din akauawa Februari 1250 Wafaransa walipoishambulia kambi ya Mansura. Sitisha hapo kidogo unaposoma. Mmoja wa watatu amekufa, vita havijaisha.

Hatua ya 5: Vuka upande wa pili

Kosa langu jingine la mara ya kwanza ni kumfanya awe mwanamke pekee katika vita hivyo. Ndani ya Damietta alikuwamo Margaret wa Provence, mke wa Louis, mja mzito. Aprili 1250 mfalme akatekwa, na siku hizohizo Margaret akajifungua mtoto wa kiume, akaitwa Jean Tristan, Jean wa huzuni. Joinville anasimulia kwamba kabla ya uchungu alimpigia magoti shujaa mmoja mzee, akamwomba amkate kichwa iwapo adui ataingia mjini. Mzee akajibu kwamba alikwishaliwaza.

Hicho ni kionjo, na kinasisimua. Lakini usikiache kimfunike Margaret mwenyewe, kwa sababu kilichofuata ni kikubwa zaidi. Wafanyabiashara wa Pisa na Genoa walitaka kuondoka na meli zao kwa kukosa chakula. Akawaita mbele ya kitanda chake cha uzazi, akanunua chakula chote cha mjini kwa hesabu ya mfalme, wakabaki. Damietta ikabaki mikononi mwao, na hiyo ndiyo iliyotolewa badala ya mfalme, pamoja na sarafu za dhahabu 800,000, nusu ilipwe kabla hajaondoka.

Hatua ya 6: Isome sarafu

Mwanzoni mwa Mei 1250 Mamluki wakamuua Turanshah, aliyekuwa amewachokoza wao na kumbana mama yake wa kambo kuhusu mali ya marehemu. Wakamtawaza Shajar al-Durr. Swali la maalimu sasa linajibika, maana katika dola za Kiislamu za wakati ule mtawala alijulikana kwa mambo mawili, kutajwa katika khutba ya Ijumaa na katika sarafu, na yeye aliyapata yote mawili.

Sarafu zake zilizobaki ni chache. Soma majina yaliyomo: al-Musta'simiyya, as-Salihiyya, Malika wa Waislamu, mzazi wa al-Malik al-Mansur Khalil. Jina Shajar al-Durr halimo. Kila cheo hapo kinamjibu mtu. Cha kwanza kinamjibu khalifa al-Musta'sim wa Baghdad: mimi ni wako. Cha pili kinawajibu Mamluki wa as-Salih: mimi ni wa nyumba yenu. Cha mwisho kinawajibu waliobaki. Sisi tunaomwita mwanamke Mama Fulani kwa jina la mwanawe hatuhitaji kufafanuliwa sana. Alitawala kama Mama Khalil, na Khalil alikuwa kaburini miaka mingi.

Haikutosha. Maamiri wa Shamu walikataa, Damascus ikaenda kwa mtawala wa Aleppo, na khalifa hakuridhia. Kuna kejeli maarufu inayosemwa kuwa khalifa aliiandika, kwamba kama Misri imeishiwa wanaume atawapelekea mmoja. Mimi huisoma nikitanguliza "inasimuliwa". Baada ya siku kama 80 akaachia kiti na kuolewa na amiri Aybak, na Aybak ndiye akawa sultani.

Hatua ya 7: Mitalawanda, kwa kifupi

Ruka hadi 1257. Aybak anataka kuoa binti wa mtawala wa Mosul. Aprili anauawa hamamuni, na kidole kinaelekezwa kwa mkewe. Siku chache baadaye naye anauawa na vijakazi wa mke wa kwanza wa Aybak, na mwili unatupwa nje ya ngome. Sentensi nne, usiongeze damu.

Kisha mpeleke msikilizaji kaburini, Kairo, karibu na Sayyida Nafisa, kwenye kuba alilolijenga mwenyewe. Ndani ya mihrabu kuna mti uliopambwa kwa vigae vidogo vya dhahabu, matunda yake ni vipande vya lulumizi. Jina lake maana yake ni miti ya lulu.

Katika kipindi kipya mlio wa mitalawanda ya bibi umo dakika ya 18, mara mbili tu, sekunde nne. Ukimalizika nimeacha kimya cha kuvuta pumzi moja, ndipo unakuja ule mti.